Gumba Langu na Mapigo Sitini

Chebet, ambaye siku hizi ndiye anasimamia ukamuaji pale shambani, ameniomba niwaandikie nyinyi vijana mnaoanza kazi. Nilimwambia mimi huandika polepole, na shule niliachia darasa la saba. Akanijibu, "Mzee Kamau, kwani ng'ombe hukamuliwa kwa haraka?" Nikachukua kalamu.

Basi nitaanza na kidole gumba.

Nyinyi mmeikuta mashine ya kukamua ikiwa na sanduku la umeme ukutani na taa za kijani. Sisi tuliikuta ikiendeshwa na hewa tupu. Kwa yeyote anayesoma hapa na hajawahi kukamua, nieleze kidogo. Kikombe cha mashine kina mpira ndani. Mpira ule hauvuti maziwa tu bila kupumzika. Unafinya chuchu, unaachilia, unafinya, unaachilia, kama mdomo wa ndama. Kifaa kinachoupa ule mpigo tunakiita palseta. Palseta nzuri inapiga mara sitini kwa dakika. Ikikimbia, ng'ombe anaumia na kiwele kinavimba. Ikichelewa, chuchu inabaki imevutwa muda mrefu, damu inaganda, na ng'ombe anapiga teke. Na yuko sawa kupiga.

Sasa unajuaje kama inapiga vizuri? Unaingiza gumba ndani ya kikombe. Gumba ni nene kama chuchu, linakaa vizuri. Unafunga macho, unahesabu. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na Mzee Rono, aliyekuwa mkuu wa wakamuaji nilipofika shamba hili la Subukia nikiwa kijana wa miaka kumi na minane, mwenye aibu hata ya kuomba chumvi.

Mzee Rono alikuwa na saa isiyokuwa na mkanda. Aliifunga kwa kamba ya kufungia nyasi na kuining'iniza kwenye kifungo cha koti. Kila asubuhi, kabla ng'ombe wa kwanza hajaingia, alitia gumba kwenye kila kikombe na kuitazama saa ile. Hakuwahi kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili.

"Dakika nzima, kijana," alikuwa akisema. "Ugonjwa hujificha kwa nusu ya pili."

Wiki yangu ya pili niliamua kumfurahisha. Nilizifungua palseta zote nne na kuziosha kwa maji moto na sabuni, zikameta kama vijiko vya harusi. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba palseta ya hewa haioshwi kwa maji. Hufutwa kwa kitambaa kikavu, basi. Jioni ile mbili zilikwama. Nilisikia kabisa kwamba zimekwama. Nilitia gumba, nikahesabu ishirini na kidogo, nikanyamaza. Niliona aibu. Nikamvalisha mashine ng'ombe mmoja aliyeitwa Beauty, na Beauty akanipiga teke nikakaa kwenye ndoo.

Mzee Rono alikuja, akatia gumba, akanitazama.

"Ulijua?"

Nikatingisha kichwa kwamba ndiyo.

"Ng'ombe hasemi," akasema. "Mashine haisemi. Na wewe pia husemi. Sasa mimi nitajuaje? Niulize Mungu?"

Wenzangu walicheka wiki nzima. Waliniita Vijiko. Lakini kama ningeyakumbuka maneno yale ya Mzee Rono miaka mingi baadaye, kabla sijakalishwa kwenye kiti cha hospitali Nakuru, ningeepuka mengi. Nitafika huko.

Niwaambie kwanza juu ya sanduku la umeme, kwa sababu mnapenda kuniuliza kama ni kweli nililikataa. Ni kweli. Mafundi walipokuja kutoa palseta za hewa na kuweka zile za umeme, Mzee Rono alikuwa ameshastaafu, na mimi ndiye nilikuwa mkuu. Nilitafuta skrubu ya kurekebisha mpigo, sikuiona. Fundi akasema, "Mzee, hii haina skrubu. Sanduku linajua lenyewe." Nikamwambia hakuna sanduku linaloweza kujua ng'ombe. Kwa karibu mwaka mzima nilibeba palseta moja ya zamani mfukoni mwa koti, nikingoja siku sanduku litakapoharibika niwaonyeshe. Halikuharibika. Mfuko ndio ulitoboka.

Nilichogundua ni hiki. Palseta ya zamani ikikimbia, uliweza kuituliza. Ulifuta vumbi, ulikaza skrubu kidogo, ikarudi sitini. Lakini ilipochoka yenyewe, ikawa inasahau mpigo, ungeifuta na kuikaza mpaka jua litue. Haikuwa na nguvu tena. Hiyo ilihitaji kusukumwa na kitu kingine. Kwa hiyo kuna kasoro mbili tofauti, na dawa ya moja si dawa ya nyingine. Shikeni hapo.

Nilipostaafu, mke wangu, Mama Njeri, alikuwa ameanza kulalamika kwamba moyo wake unaruka. Alikuwa akisema, "Ni kama ndama wamefunguliwa kifuani." Akipanda kutoka mtoni na mtungi, ilibidi akae mara mbili njiani, na huyu ni mwanamke aliyekuwa akinipita kwenye mlima ule huku akiimba. Tulimpeleka Nakuru. Daktari wa moyo, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alimpima na kusema moyo wa mama unapiga haraka na bila mpangilio. Akampa vidonge vya aina mbili. Cha kwanza cha kuutuliza moyo usikimbie. Cha pili cha kuzuia damu isigande, kwa sababu moyo unaotetemeka hivyo unaweza kugandisha damu, na donge likipanda kichwani linaleta kiharusi.

Kisha akatupa daftari. Kila asubuhi na kila jioni mtu ahesabu mapigo ya mama na kuandika. "Yakishuka chini ya hamsini mnipigie," akasema. "Maana yake kidonge cha kutuliza kimezidi."

"Nani atahesabu?" akauliza Mama Njeri.

Vijana, nilinyoosha mgongo. Miaka arobaini nimehesabu mapigo. "Niachie mimi," nikasema.

Na nikahesabu kweli. Kila asubuhi nilimkalisha mama kwenye kiti chini ya dirisha, nikaweka gumba kwenye kifundo cha mkono wake, nikafunga macho, nikahesabu dakika nzima kama nilivyofundishwa. Siku ya kwanza, arobaini na sita. Jioni, arobaini na nne. Siku ya tatu, arobaini na mbili. Niliandika kwa herufi kubwa, polepole, nikapiga mstari chini.

"Yako taratibu sana," nikamwambia. "Dawa ina nguvu."

"Mbona mimi nayasikia yakikimbia?"

"Unasikia wasiwasi. Mimi nahesabu."

Hapo niwaambie jambo ambalo sikumwambia yeye. Kwa miezi kadhaa mimi mwenyewe sikuwa sawa. Ule mwaka wangu wa mwisho kazini, nikiinama na kuinuka kwenye shimo la kukamulia, lile ambamo mkamuaji husimama chini ya ng'ombe, dunia ilikuwa ikizunguka. Siku moja niliegemea nguzo na kupotea kidogo, na nilipofungua macho Chebet alikuwa mbele yangu akicheka.

"Ai, mzee! Unalala ukiwa umesimama kama punda?"

"Ninawaza," nikamwambia.

Nyumbani niliwahi kuangusha kikombe cha chai katikati ya sentensi. Nikamwambia mama mshikio ulikuwa na mafuta. Nilifikiri ni uzee, na uzee hauna wa kushtakiwa. Tena niliona aibu. Yule Vijiko bado alikuwa ndani yangu.

Namba zilipobaki chini ya hamsini kwa karibu wiki tatu, nami nikidhani mwili bado unaizoea dawa, ndipo nilipiga simu Nakuru. Nilizisoma moja moja, kwa majivuno kidogo. Wakasema tupunguze kidonge cha kutuliza kiwe nusu, na nimlete mama Alhamisi. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne mama hakuweza kumaliza kufagia. Jumatano alikaa kitandani akiwa ameegemea ukuta, akipumua kama aliyekimbizwa, na ndama wale kifuani hawakuwa wanaruka tena, walikuwa wanakimbia. Mimi nikatia gumba. Arobaini. Nikashangaa. Nikahesabu tena. Thelathini na tisa. Nilimtazama mwanamke huyu niliyeishi naye tangu ujana, midomo yake imebadilika rangi, na daftari mkononi mwangu linasema ametulia. Kitu fulani hakikuwa kweli, na sikujua ni kipi. Hatukungoja Alhamisi. Jirani alitubeba kwa pikapu yake ya viazi, mama mbele, mimi nyuma juu ya magunia.

Pale kliniki ya moyo kulikuwa na muuguzi anayeitwa Sista Moraa. Alimkalisha mama, akamshika mkono, akatazama saa ya ukutani, na uso wake ukabadilika. Akambandika waya za mashine kifuani.

"Mia moja thelathini na tano," akasema. "Baba, si daftari linasema arobaini?"

"Arobaini," nikasema. "Nimehesabu mwenyewe. Dakika nzima."

"Ulihesabuje? Nionyeshe."

Nikaushika mkono wa mama. Nikaweka gumba. Nikafunga macho.

Nikasikia Sista Moraa akipumua kwa nguvu kupitia puani, kama mtu anayezuia kicheko kanisani.

"Baba, kwa nini unatumia gumba?"

"Ndivyo inavyohesabiwa."

"Wapi?"

"Kwa ng'ombe. Yaani kwa mashine ya ng'ombe."

Hapo alicheka waziwazi, na watu kwenye benchi wakageuka. "Baba yangu, gumba lina mshipa wake mkubwa! Ukilikandamiza kwa mtu mwingine, unaweza kujisikia wewe mwenyewe. Mgonjwa anahesabiwa kwa vidole hivi viwili." Alinionyesha cha shahada na cha kati. "Kwa hiyo wiki hizi zote hukuwa unahesabu mapigo ya mama. Ulikuwa unahesabu..."

Hakumaliza. Kicheko kilikufa mdomoni. Akaushika mkono wangu kwa vidole vyake viwili, akatazama saa. Dakika nzima. Mzee Rono angempenda.

"Baba, kaa chini," akasema polepole. "Hapa. Usisimame tena bila kuniambia."

Thelathini na nane.

Ndivyo tulivyoingia hospitalini na mgonjwa mmoja na kulazwa wawili. Mama alirudishiwa kidonge chake kizima, na wakamwongezea kidogo, na kesho yake ndama walikuwa wamepungua kasi na amepata rangi. Alikuja wodini kwangu akiwa amejifunga shuka, akasimama mguuni pa kitanda na mikono kiunoni. Mimi nikajiandaa kwa ugomvi. Nilistahili. Kwa sababu ya gumba langu angeweza kufa.

"Wiki tatu," akasema. "Asubuhi na jioni umenishika mkono, umefunga macho kama mtu anayesali. Nikajiambia, jamani, mume wangu ananisikiliza. Kumbe unajisikiliza mwenyewe!"

Wodi nzima ilicheka. Mzee wa kitanda cha pili, mkulima wa ngano kutoka Mau Narok, alicheka mpaka akakohoa. Halafu mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda na kuniuliza kwa sauti ya chini kwa nini sikumwambia juu ya kizunguzungu. Nikamkumbuka Mzee Rono. Ng'ombe hasemi, mashine haisemi, na wewe pia husemi.

Daktari alikuja na karatasi yenye mistari ya moyo wangu. Alisema njia ya umeme ndani ya moyo wangu imekatikakatika. Sehemu ya juu inatoa amri, ya chini haisikii. Nikizirai nikiwa barabarani au karibu na moto, siku moja sitaamka. Alitaka kuniwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, hapa karibu na bega, chenye waya unaoingia moyoni.

Niliogopa, vijana. Sitawadanganya. Nikasema, "Daktari, nipe tu dawa kama za mama. Tayari ziko nyumbani. Nitakuwa namega nusu."

"Thubutu!" akasema, na ile sauti ya chini ikapanda. "Mzee, kidonge cha mama kinapunguza mwendo. Wewe tayari uko chini. Ukimeza hicho, unaweza kulala usiamke. Kila mtu na dawa yake, hata mkilala kitanda kimoja."

"Basi nipe cha kuongeza."

"Cha kuongeza kwa muda kipo, kwa sindano, ukiwa hapa wodini. Cha kumeza nyumbani kila siku, cha kutegemea, sina. Kwa moyo wa aina yako, kifaa ndicho dawa."

Mama naye akaingilia. "Na mimi, kwa nini nimeze vidonge maisha yote? Niwekee mashine kama yake, nipumzike."

"Mama, kifaa hiki kinausukuma moyo unaochelewa. Hakiushiki moyo unaokimbia. Na hakizuii damu kuganda. Wewe dawa zako ndizo zinakufaa, na usiruke hata siku moja." Akafikiri kidogo. "Kuna watu wenye shida zote mbili, leo moyo unakimbia, kesho unasimama. Hao hupewa kifaa kishikilie chini, na vidonge vishikilie juu. Nyinyi mmegawana. Kila mtu nusu."

Nilikuwa naiona palseta iliyokimbia, ambayo uliituliza kwa skrubu, na palseta iliyochoka, ambayo ungeikaza mpaka jua litue bila faida. Nilikuwa nimelijua jambo hili miaka thelathini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba siku moja mimi ndiye nitakuwa ile iliyochoka.

"Kinafananaje?" nikauliza.

Akatoa cha mfano mfukoni na kunipa. Kilikuwa chembamba, kizito kidogo, cha mviringo. Nilikigeuza kiganjani. Ilikuwa saa ya Mzee Rono kabisa, isiyokuwa na mkanda.

"Kina skrubu?"

"Hakina. Tunakirekebisha kutoka nje, kwa kompyuta. Kinausikiliza moyo. Moyo ukipiga wenyewe, kinanyamaza. Ukisahau, kinaukumbusha."

"Linajua lenyewe," nikasema. Mama akanitazama kama niliyeanza kuweweseka. "Na mnakiweka kipige mara ngapi?"

"Kwa kuanzia, hatutakiruhusu kishuke chini ya sitini."

Hapo ndipo nilipocheka. Nilicheka mpaka Sista Moraa akaja kutazama waya zangu. Sitini! Nimeamka gizani miaka arobaini kuhakikisha ng'ombe wa watu wanapata sitini, na mimi natembea na thelathini na nane.

"Leta karatasi nitie sahihi," nikasema. Na kwa sababu mimi huandika polepole, daktari alisimama pale akingoja, na wala hakulalamika.

Wakati wa kukiweka sikulazwa usingizi kabisa. Walitia ganzi eneo la bega, nikawa nasikia wakiongea juu ya mvua. Haikuchukua muda mrefu. Mara nikahisi kichwa kimekuwa chepesi, kama dirisha lililofunguliwa chumba cha kukamulia asubuhi. Walinikataza kuinua mkono wa kushoto juu ya bega kwa wiki kadhaa ili waya usitoke mahali pake, na wakaniambia nisikae karibu na mashine ya kuchomelea vyuma inapofanya kazi. Kila baada ya miezi fulani narudi wakisome. Siku moja betri yake itaisha, baada ya miaka mingi, nao watabadilisha. Mama yeye harudi kwa ajili ya betri. Anarudi kupimwa damu na kuongezewa vidonge, na ameweka kengele ya simu saa moja asubuhi na saa moja jioni, inalia kama jogoo aliyebanwa na mlango. Mkiniuliza ni kipi bora, nitawaambia hamjauliza vizuri. Ulizeni kwanza mashine yenu inakimbia au imechoka.

Nilipopata nguvu nilikuja shambani, nyinyi mlikuwa bado hamjaandikwa. Chebet alinipokea mlangoni. "Mzee, nasikia siku hizi wewe ni wa umeme!" Akanishusha kwenye shimo la kukamulia taratibu, akanipa kikombe kimoja. Nilitia gumba. Kwa kikombe, gumba bado ndilo lenyewe, hilo msibadilishe. Kwa mkono mwingine nikaweka vidole viwili shingoni mwangu. Nikafunga macho. Mashine ikafinya, moyo ukapiga. Mashine ikaachilia, moyo ukangoja. Vilikwenda pamoja kama maksai wawili kwenye nira moja, mpaka ng'ombe wa nyuma akachoka kunisubiri na kuninyeshea mkojo wa moto begani. La kulia, namshukuru Mungu.

Basi hayo ndiyo niliyonayo. Palseta msizioshe kwa maji. Hesabuni dakika nzima. Na kichwa kikizunguka ukiwa kazini, mwambie Chebet siku hiyo hiyo. Atakutania, lakini atakukalisha chini.

Daftari bado tunalo, siku hizi lina safu mbili. Asubuhi, kengele ikishalia na mama akishameza vidonge vyake, tunakaa chini ya dirisha. Yeye huanza na mimi. Anahesabu kwa vidole viwili, midomo ikitembea, kisha anasema "Sitini" kwa sauti ya mtu aliyechoka kusikia habari hiyo hiyo. Halafu nami nachukua mkono wake. Yake hayajawahi kunyooka. Moja linawahi, jingine linachelewa, mawili yanakuja yameshikana mikono. Nayafuata dakika nzima kama mtu anayefuata ndama mchangamfu kwenye malisho, na kwa kweli sitaki yaishe. Mwisho nafungua macho.

"Sabini na nane," nasema.

Naye kila asubuhi, kabla hajaniruhusu kuandika, huniuliza, "Una hakika ni yangu?"